Shanta isiyokuenea hukufanya utupe maji njiani

KABLA ngamia wa mizigo hajainuka, mfugaji wa Garissa humzunguka mnyama wake akikagua jambo ambalo mgeni hawezi kulitambua kwa haraka. Huingiza mkono chini ya mikeka minene iitwayo herio, ambayo hutandikwa kuzunguka nundu, akitafuta mwiba, kijiwe au kunjo lolote linaloweza kumsugua mnyama. Kisha huvuta kamba za upande wa kulia na za upande wa kushoto kuhakikisha kwamba zinalingana.

Uangalifu huo una sababu. Ngamia aliyekomaa anaweza kubeba kati ya kilo 150 na 200, lakini kidonda kimoja cha mgongoni kilichotokana na matandiko yasiyomkaa sawasawa humwondoa kazini kwa muda mrefu. Familia inayohama na nyumba yake, yaani aqal ya vijiti vilivyopindwa na mikeka, pamoja na vyombo vya maji na maziwa, haiwezi kumpoteza mnyama huyo katikati ya safari.

Binadamu anayeanza safari za miguu kwa ajili ya burudani aghalabu hufanya kinyume kabisa. Hununua begi la mgongoni, au shanta kama wanavyoliita askari, kwa kutazama rangi yake, wingi wa mifuko yake na jina la kampuni lililoshonwa mbele. Mgongo utakaolibeba haupimwi. Makosa hayo hayaonekani dukani wala nyumbani, huonekana baada ya mwendo wa saa mbili, wakati mabega yameanza kuwaka moto na msafiri anatafuta kitu cha kupunguza.

Na kitu cha kwanza kinachopunguzwa huwa ni maji, kwa kuwa ndiyo mazito kuliko vyote na ndiyo rahisi kumwagwa. Mahali penye baridi na vijito kila baada ya kilomita chache, kosa hilo huleta kiu tu. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013, ni habari nyingine.

Hesabu ya maji

Mji wa Garissa uko kando ya Mto Tana, katika mwinuko wa takriban mita 150 tu kutoka usawa wa bahari. Adhuhuri ya kawaida joto hufika nyuzi 34 au 35 za Selsiasi na katika miezi mikali huzidi hapo. Ardhi ni tambarare, jambo ambalo humdanganya anayeanza. Aliyesikia habari za mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776, au za kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kilicho mita 4,985, hudhani kwamba kutembea bondeni mwa Tana au kwenda kuwatazama twiga katika hifadhi ya jamii ya Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji, ni mchezo wa watoto.

Mtu anayetembea juani katika joto kama hilo anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, na pengine zaidi akiwa na mzigo. Matembezi ya saa nne au tano kwa hiyo yanadai lita nne au tano za maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, haipungui hata chembe kwa kuwekwa katika chupa ya bei ghali. Anayehitaji maji ya kutawadha njiani aongeze hesabu yake.

Sasa ilinganishwe na kipimo ambacho wazoefu wa safari za miguu wamekitumia kwa miaka mingi: mzigo wa matembezi ya siku moja usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa mbebaji, na wa safari ya kulala nje usizidi sehemu moja kwa tano. Mtu mwenye kilo 60 ana nafasi ya kilo sita kwa matembezi ya siku. Akitoa kilo tano za maji, amebakiwa na kilo moja ya kugawanya baina ya chakula, dawa za huduma ya kwanza, simu, kofia, kitambaa cha kujifunika na begi lenyewe.

Ni wazi kwamba huku kipimo hicho kitavunjwa mara nyingi, na hakuna aibu kukivunja kwa ajili ya maji. Lakini anayekivunja ana haja kubwa zaidi ya begi linalomkaa vyema kuliko mpanda milima wa nchi za baridi anayejaza chupa yake kijitoni. Ushauri uliojaa katika majarida ya ng'ambo, kwamba begi dogo la lita 15 linatosha kwa siku moja, haufai hapa. Maji peke yake huchukua theluthi ya nafasi hiyo. Begi la lita 25 hadi 30 ni chaguo la busara zaidi kwa matembezi ya siku. Kwa safari ya kulala usiku mmoja hadi mitatu, lita 40 hadi 50 zinatosha. Kinachozidi lita 60 ni cha safari ndefu na mabega yaliyozoea, na kwa anayeanza ni kishawishi tu, maana begi kubwa halikosi kujazwa.

Nyonga, si mabega

Nundu ya ngamia ni mafuta matupu, haina mfupa ndani yake. Kwa sababu hiyo mzigo hauwekwi juu ya nundu, bali matandiko huizunguka na uzito ukashuka ubavuni, pande zote mbili, mahali ambapo mbavu na misuli inaweza kuuhimili. Wakazi wa pwani wanaijua kanuni iyo hiyo kwa punda: shogi, ule mfuko mkubwa wa ukindu, huning'inia kulia na kushoto ili uti wa mgongo usipondwe.

Mwili wa binadamu nao una mahali pa kubebea na mahali pasipofaa. Begani hupita mishipa ya fahamu inayoelekea mkononi, tena karibu na ngozi. Kanda nyembamba zikikandamiza hapo kwa saa nyingi, vidole hufa ganzi na mkono ukalegea. Madaktari wa majeshi wanaijua hali hiyo kwa wanajeshi waliobeba shanta nzito, na kwa baadhi yao udhaifu wa mkono uliendelea kwa wiki kadhaa. Nyonga kwa upande mwingine ni mfupa mpana, uliokaa juu ya misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ile ya mapaja na makalio.

Ndiyo maana begi zuri la safari lina ukanda mpana wa kiunoni wenye sponji. Ukanda huo si wa kuzuia begi lisicheze, kama wengi wanavyodhani, na wala si pambo la kufungwa nyuma na kusahauliwa. Likifungwa sawasawa, begi la safari hushusha zaidi ya nusu ya uzito, na katika mabegi mazuri hadi robo tatu, kwenye nyonga. Mabega hubaki na kazi ya kuliweka begi karibu na mgongo.

Maarifa haya hayakuwa ya kawaida katika viwanda vya mabegi hadi katikati ya karne iliyopita. Shanta nyingi za zamani zilikuwa gunia la turubai lenye kanda mbili. Mnamo mwaka 1952 Mmarekani Dick Kelty alianza kuuza mabegi yenye fremu ya alumini na mshipi wa kiunoni, akayashona pamoja na mkewe nyumbani kwao California. Mwaka 1967 Mmarekani mwingine, Greg Lowe, alibuni begi ambalo fremu yake imefichwa ndani, na huo ndio mtindo unaoonekana katika maduka mengi leo.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia zake. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya, ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Maloiy. Watafiti hao waliwapima wanawake Waluo waliobeba mizigo kichwani na wanawake Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda uliopita juu ya paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi sehemu moja kwa tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia kutembea mikono mitupu. Jambo hilo liliwashangaza wataalamu wa ng'ambo, ingawa halikuwashangaza waliokuwa wakisubiri kuni nyumbani.

Lakini ustadi huo hupatikana kwa kubeba tangu utotoni. Kijana wa mjini aliyekulia kwenye matatu na kiti cha ofisi hawezi kuupata katika mwisho wa juma mmoja, kwa hiyo humlazimu kutegemea begi limfanyie kazi ambayo shingo yake haikufundishwa.

Kupima mgongo

Urefu wa mtu haumwambii muuzaji begi gani limfae. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kutofautiana sana, mmoja akiwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake. Mtu mrefu mwembamba, mwenye urefu ulio zaidi miguuni, hukabidhiwa begi kubwa kila mara na kila mara hulaumu mabega yake.

Kinachopimwa ni mgongo. Msafiri huinamisha kichwa, na mtu mwingine akapapasa kwa kidole nyuma ya shingo mpaka apate mfupa uliochomoza kuliko mingine, pale shingo inapokutana na mabega. Hapo ndipo mwanzo. Kisha msafiri hushika kiuno kwa mikono yote miwili, vidole gumba vikiwa nyuma, viganja vikikaa juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Mstari wa kufikirika unaounganisha vidole gumba ndio mwisho. Utepe wa fundi cherehani hupitishwa baina ya sehemu hizo mbili, ukifuata mpindo wa uti wa mgongo. Watu wazima wengi hupata baina ya sentimita 40 na 53.

Kipimo hicho hulinganishwa na begi lenyewe: umbali kutoka pale kanda za mabegani zinaposhikana na begi hadi katikati ya ukanda wa kiunoni. Vikitofautiana kwa sentimita moja au mbili hakuna neno. Vikitofautiana kwa sentimita sita, hakuna mshipi utakaoponya. Begi refu mno huacha pengo juu ya mabega na ukanda wake hushuka kwenye makalio, na begi fupi mno huinua ukanda hadi tumboni na uzito wote ukarudi mabegani.

Yapo mabegi ambayo urefu wake hurekebishwa kwa kupandisha na kushusha kanda. Kwa anayeanza, hasa kijana ambaye bado anakua, au ndugu wawili watakaopokezana begi moja, hilo ndilo la kutafutwa. Wafugaji wangelielewa mara moja. Nundu ya ngamia hujaa baada ya mvua na kusinyaa wakati wa ukame, na matandiko yaliyomkaa vyema mwezi Mei yanaweza kumchubua mwezi Septemba yasiporekebishwa.

Begi tupu halisemi kitu

Kosa kubwa kuliko yote ni kulijaribu begi likiwa tupu mbele ya kioo. Kila begi tupu ni jepesi na kila begi tupu linapendeza. Anayekwenda kununua aingie kwanza duka la vyakula apate pakiti tatu za unga wa kilo mbili mbili, au chupa za maji zenye uzito kama huo, azitie ndani ya begi kisha alivae na kutembea humo dukani kwa dakika 15 au 20. Unga hautaharibika na utapikwa jioni. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo aachwe na begi lake.

Namna ya kulivaa ina mpangilio, na anayeugeuza hatajua begi linamfaa au la. Kanda zote hulegezwa kwanza. Begi likishavaliwa, ukanda wa kiunoni hufungwa kabla ya kitu kingine chochote, sponji yake ikikaa juu ya ukingo wa mifupa ya nyonga, wala si juu ya kitovu. Baadaye kanda za mabegani huvutwa mpaka ziguse bega bila kulikaba. Ikiwa begi lina vijikanda vidogo juu ya mabega, vinavyounganisha kanda na sehemu ya juu ya begi, navyo huvutwa kidogo ili begi lisogee karibu na mgongo, vikiwa vimeinama kwa mshazari, si vimelala wala kusimama wima. Mwisho ni mkanda wa kifuani, unaokaa chini kidogo ya mifupa ya mtulinga. Huo usikazwe hadi kubana pumzi.

Ngamia ana mkanda wake pia. Anapoinuka, miguu ya nyuma hunyanyuka kwanza na mzigo wote hutupwa mbele kwa ghafla, kisha ya mbele inapofuata mzigo hurudi nyuma. Bila kamba zinazozuia pande zote mbili mzigo ungemporomokea shingoni. Binadamu hainuki hivyo, lakini anaposhuka korongo au kuruka mfereji begi lisilofungwa kifuani hufanya mchezo uo huo.

Dalili za begi lisilofaa hazihitaji mtaalamu. Mtu akiweza kupitisha ngumi baina ya bega na kanda, begi ni refu. Bizimu za ukanda wa kiunoni zikigusana na bado ukanda unateleza, ukanda ni mkubwa, na tatizo hili huwapata sana watu wembamba. Akijikuta anaegemea mbele kama anayesukuma gari, uzito uko mbali mno na mgongo.

Wanawake wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mabegi mengi yameundwa kwa vipimo vya wanaume, yenye kanda zilizonyooka zinazopita juu ya kifua na ukanda usiofuata mteremko wa nyonga. Yapo yaliyokatwa kwa ajili yao, yenye mgongo mfupi zaidi na kanda zilizopindwa. Na kwa kuwa wanawake wengi wa Garissa hutembea wakiwa wamevaa buibui au jilbabu, begi lijaribiwe juu ya vazi litakalotumika safarini. Kunjo la kitambaa chini ya ukanda ni sawa na kunjo la mkeka chini ya mzigo wa ngamia. Baada ya kilomita tano litakuwa limekula ngozi.

Wavu wa mgongoni, ambao huliacha begi likining'inia mbali kidogo na mwili ili hewa ipite, unapendwa sana katika sehemu za joto. Una faida, shati halilowi sana. Lakini wavu huo huusogeza mzigo nyuma, na mzigo uliosogea nyuma huvuta zaidi. Kwa matembezi mafupi ya asubuhi wavu unafaa. Kwa aliyebeba lita tano za maji, mgongo uliolowa ni afadhali kuliko mabega yaliyochubuka.

Sokoni

Wengi wa wasafiri wa Kaskazini Mashariki hununua mizigo yao Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao biashara yake ilipanuka miaka ya 1990 kutokana na nyumba ya kulala wageni iliyogeuzwa maduka na ambayo, kwa kufaa sana, iliitwa Garissa Lodge. Huko mabegi mapya ni tele, lakini mengi ni mabegi ya shule yaliyovalishwa sura ya safari. Dalili yake ni ukanda wa kiunoni usio na sponji, kama utepe tu, na mgongo usio na fremu wala ubao. Hayo ni mazuri kwa vitabu.

Begi la mtumba, kama yale yanayopatikana Gikomba, linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei iyo hiyo, mradi likaguliwe. Sponji ya ukanda ibonyezwe kwa kidole: ikibaki imebonyea, imekufa. Mkono upitishwe ndani, na ikiwa bitana inanata au inabambuka kama ngozi ya nyoka, kinga yake ya maji imezeeka na haitengenezeki. Bizimu za plastiki zilizokaa juani miaka mingi huwa ngumu na huvunjika kwa ghafla, kwa hiyo zifungwe na kufunguliwa mara kadhaa. Zipu ivutwe yote, mwanzo hadi mwisho. Fundi wa viatu anaweza kushona kanda iliyofumuka, lakini hawezi kurudisha umbo la fremu iliyopinda.

Rangi nayo si jambo dogo katika eneo hili. Mabegi yenye madoadoa ya kijeshi yanauzwa hadharani, lakini kuyavaa katika kaunti zenye vizuizi vya polisi na doria za wanajeshi ni kujitafutia maswali yasiyo ya lazima. Kwa kuwa mizigo hukaguliwa barabarani, begi linalofunguka kwa zipu mbele ni raha kuliko lile la kufunguka juu tu, ambalo humlazimu mwenyewe kutoa kila kitu mbele ya abiria wenzake ili askari aone soksi zilizo chini. Na kabla ya haya yote, anayetaka kutembea nje ya mji awaulize wenyeji na maafisa wa utawala kuhusu hali ya usalama ya mahali anapokwenda.

Kupanga mzigo

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoanza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa, magari hayakuweza kuzifikia njia zote za mchanga, na ngamia watatu wakakabidhiwa kazi hiyo. Vitabu vilitiwa katika masanduku ya mbao, moja kila ubavu. Karatasi ni nzito, na sanduku moja likijazwa kuliko lingine mzigo mzima huanza kuzunguka kuelekea upande mmoja. Watunza maktaba walilazimika kuwa wajuzi wa mizani kabla ya kuwa wajuzi wa vitabu.

Ndani ya begi la binadamu kanuni ni tatu hivi, na zote zinahusu maji. Vitu vyepesi na laini, kama vile shuka la kulalia na nguo, hukaa chini kabisa. Maji na vitu vizito hukaa katikati, vikigusana na mgongo, kati ya mabega na kiuno. Vyepesi vingine huzunguka upande wa nje na juu. Chupa za pembeni zilingane: lita moja kulia na lita moja kushoto, na ikinywewa ya upande mmoja ifuatwe na ya upande wa pili.

Mtungi wa lita tano uliokuwa na mafuta ya kupikia, ambao hauishi kuonekana ukining'inia nyuma ya mabegi ya vijana, ni njia mbaya kuliko zote za kubeba maji. Kilo tano zinazobembea nyuma humvuta mtu kila hatua. Mtungi huo ukiwa ndani, umeegemea mgongo na kuzungushiwa nguo usicheze, ni mtungi ule ule lakini ni mzigo mwingine. Mifuko ya maji yenye mrija hukaa mahali panapofaa pia, ila ina hila moja: mnywaji haoni kilichobaki. Anayeitumia awe na chupa moja ya akiba ambayo haiguswi mpaka mrija ukauke.

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambao ni watu wa kazi, wamewekewa na hifadhi kikomo cha kilo 20. Anayeanza ambaye mizani ya duka imemwonyesha kilo 18 anapaswa kukumbuka kwamba anajilinganisha na watu hao. Afungue begi na kutoa kitu, lakini si maji. Sufuria ya pili, taulo kubwa, viatu vya ziada na betri za kuchajia simu mara sita ndivyo vitu ambavyo aghalabu hurudi nyumbani bila kutumika.

Safari ya kwanza iwe fupi, saa mbili alfajiri kabla jua halijapanda, na begi liwe na mzigo wote kana kwamba ni safari kamili. Baada ya nusu saa ya kwanza msafiri asimame na kukaza upya ukanda wa kiunoni, kwani sponji hujibonyeza na nguo hujipanga, na begi lililokaa vyema nyumbani huwa limeshuka. Wafugaji pia husimama baada ya mwendo mfupi wakakaza kamba. Akihisi mabega yanalemewa, alegeze kanda za mabegani kidogo na kukaza kiuno, wala asifanye kinyume kama mikono inavyomtuma.

Arudipo, atazame ngozi ya mabega na ya nyonga. Wekundu unaotoweka baada ya saa moja si neno. Palipochubuka, au vidole vilivyobaki na ganzi hadi jioni, vinamwambia kwamba begi halimwenei, na ni heri kulibadilisha sasa kuliko kulizoea.

Utunzaji wenyewe hauna mengi. Vumbi la Garissa huingia katika meno ya zipu na kuyala, kwa hiyo mswaki wa zamani hufaa kuyasafishia kila baada ya safari. Chumvi ya jasho huoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida kisha begi hukaushwa kivulini, maana jua linalokausha haraka ndilo linaloua nailoni na bizimu. Na kwa anayelala nje, begi lifungwe zipu zote usiku na kukung'utwa asubuhi kabla ya kuvaliwa. Nge wa nyika hupenda sana mahali penye giza, joto na sponji.